Kitabu Kilichoisha Bila Chapa ya Pili: Uchambuzi wa Kisa cha Kundi la Waandishi Nairobi

Mkusanyiko wetu ulikuwa na kurasa 184, hadithi fupi 12 na waandishi 12, na nakala zake 500 zilikwisha mikononi mwetu katika muda wa miezi kumi na sita. Kwa kitabu cha Kiswahili kilichoandikiwa watu wazima, kisichofundishwa shuleni na kilichotolewa na kundi lisilokuwa na ofisi wala mfadhili, hayo si mauzo ya kudharauliwa. Wasomaji waliendelea kupiga simu nakala zilipokwisha, na maduka mawili yaliagiza nyingine. Hata hivyo chapa ya pili haikutoka, na kwa jinsi mambo yalivyo sasa haitatoka. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kundi hilo, kwa hiyo hesabu zilizomo humu zimetoka katika daftari langu, na sehemu ya lawama nayo ni yangu. Majina ya wenzangu, ya maduka na ya mpiga chapa nimeyaacha, kwa kuwa ninachokichambua ni namna tulivyofanya kazi.

Nalitaja hili la wasomaji mapema kwa sababu kila kitabu cha Kiswahili kinapokwama Nairobi, maelezo ya kwanza huwa kwamba Wakenya hawasomi, na ya pili huwa kwamba pesa hazikuwapo. Katika kisa hiki maelezo yote mawili hayasimami. Wasomaji walikuwapo, na siku tulipokutana kuamua juu ya chapa ya pili, pesa pia zilikuwapo. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo hatukuwahi kuulizana: kitabu hiki ni cha nani?

Kundi lilizaliwa Jeevanjee, kwenye viti vya bustani, Jumamosi alasiri, baina ya watu waliokuwa wakikutana kwenye maktaba ya McMillan iliyo karibu na hapo katika Barabara ya Banda. Wengi wetu tulikuwa tumelelewa kifasihi na vuguvugu la majarida ya Nairobi. Jarida la Kwani? lilianza mwaka 2003, baada ya mwandishi Binyavanga Wainaina kushinda Tuzo ya Caine, ambayo hutolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2002, na mwaka huohuo wa 2003 Yvonne Adhiambo Owuor akaishinda tuzo hiyo kwa hadithi iliyotoka katika jarida hilo changa. Miaka kumi baadaye likaja kundi la Jalada, ambalo mwaka 2016 lilitoa toleo la tafsiri ambamo hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Gĩkũyũ, ilitafsiriwa katika lugha zaidi ya thelathini. Tuliyaona hayo kwa macho yetu, tukajua kwamba watu wachache wenye ukaidi wanaweza kufungua mlango. Tulichosahau ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo ilikuwa ya Kiingereza, na nyuma ya Kwani? palikuwa na shirika lililosajiliwa, wafanyakazi na wafadhili. Sisi tulikuwa na kikundi cha WhatsApp.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukupeleka mswada kwa wachapishaji wakubwa wa Kiswahili, ambao Nairobi inao. Wachapishaji hao huishi kwa soko la shule. Kitabu kikipata idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), hasa tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kununua vitabu vya kiada na kuvisambaza moja kwa moja shuleni, mchapishaji huwa na nafasi ya kuuza maelfu ya nakala kwa mkupuo. Hadithi ambamo kondakta wa matatu anaongea Sheng tangu mwanzo hadi mwisho, na mama anamtukana marehemu mumewe kaburini, haina njia ya kufika huko, na mhariri wa kampuni anayeikataa hafanyi hivyo kwa ubaya. Tulijichapishia kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na sidhani tulikosea katika hilo.

Sasa hesabu. Mpiga chapa mmoja mdogo wa karibu na River Road alitutoza Sh270 kwa nakala, yaani Sh135,000 kwa nakala 500, pamoja na ushuru wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wa asilimia 16 ambao sheria ya mwaka 2013 iliuweka juu ya vitabu. Ushuru huo peke yake ulikuwa kama Sh18,600, na kwa kuwa kundi halikuandikishwa popote, hatukuwa na namna ya kuudai. Mchoraji wa jalada tulimlipa Sh15,000 na mpangaji wa kurasa Sh20,000. Jumla ikawa Sh170,000. Kila mwandishi alitoa Sh10,000, zikafika Sh120,000. Zile Sh50,000 zilizobaki mmoja wetu alizikopa kwenye chama chake cha akina mama wa mtaa wa Umoja, kwa riba ya Sh5,000.

Gharama ya kila nakala, ukijumlisha yote, ilikuwa Sh340. Tuliuza kwa Sh600. Duka la vitabu huchukua asilimia 40, kwa hiyo nakala iliyouzwa dukani iliturudishia Sh360. Baada ya kutoa gharama ilibaki Sh20, bei ya chapati moja siku hizo. Wenzangu walipoiona hesabu hiyo waliyaita maduka wezi, lakini mtu anayelipa kodi ya pango katikati ya jiji, mishahara na umeme, kisha akakipa kitabu cha mtu asiyejulikana nafasi kwenye rafu kwa miezi sita, hachukui asilimia 40 kwa uroho.

Kati ya nakala 500, waandishi walipewa tano tano, yaani 60, na nyingine 20 zikaenda kwenye amana ya kisheria (nakala ambazo sheria humtaka mchapishaji azikabidhi), kwa wahakiki na kwa majaji wa tuzo. Tuliuza 190 kwa mkono, kwenye uzinduzi, makazini na kwa M-Pesa, tukapata Sh114,000. Nakala 230 zilipelekwa madukani kwa mali kauli, yaani duka hulipa baada ya kuuza, na zote zikauzwa. Tulipaswa kupata Sh82,800 kutoka huko, lakini duka moja lilifungwa likiwa na deni letu la nakala 70, sawa na Sh25,200, na karatasi ya makabidhiano niliyobaki nayo ina saini ya kijana ambaye mwenye duka alisema hamjui. Ukumbi, pikipiki na vifurushi vya mabasi ya kwenda Mombasa na Kisumu viligharimu Sh14,000.

Ukizipanga pesa hizo kwa jinsi tulivyozisoma kwenye mkutano, kitabu kilichokwisha kabisa kilikuwa kimetutia hasara ya Sh17,400. Nilisimama nikasema hivyo, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Hesabu haikuwa na kasoro, ila nilijibu swali ambalo halikuwa na maana siku hiyo. Swali lenye maana lilikuwa: tuna kiasi gani mkononi? Baada ya kulipa deni la chama na riba yake, mkononi tulikuwa na Sh102,600. Ile hasara ilionekana tu kwa sababu nilizihesabu zile Sh120,000 za waandishi kuwa deni la kulipwa, na hakuna aliyewahi kukubali wala kukataa kwamba zilikuwa deni.

Chapa ya pili isingehitaji kumlipa tena mchoraji wala, tulivyodhani, mpangaji wa kurasa. Nakala ingegharimu Sh270, na ikiuzwa dukani ingeacha Sh90 badala ya 20. Tungeuza 200 kwa mkono na 280 madukani, tukabakiza 20 za kugawa, tungepata Sh220,800; toa Sh135,000 za chapa na Sh14,000 za usafiri, zinabaki Sh71,800, ambazo kwa watu 12 ni karibu Sh6,000 kwa kila mmoja. Mpiga chapa alitaka nusu ya malipo ili aanze kazi, yaani Sh67,500, na tulikuwa nazo na ziada. Hata kama angedai zote kwa pamoja, kila mmoja angeongeza Sh2,700 tu. Kwa wachapishaji wadogo, chapa ya kwanza ni kama kuchimba kisima, na maji huanza kuchotwa kwenye chapa ya pili. Sisi tuliacha kuchimba tulipoona udongo wa unyevu.

Mkutano wenyewe ulifanyika mkahawani, Barabara ya Moi, kwa sababu mvua ilitufukuza Jeevanjee. Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu mstaafu, mkubwa wetu kwa umri.

"Mweka hazina, mimi elfu kumi zangu nirudishie. Nikitaka kuchanga tena, nitachanga."

"Mwalimu, mchango haurudishwi," akajibu mshairi aliyeketi karibu na dirisha. "Umeona wapi mchango wa harusi ukirudishwa?"

"Harusini, mwanangu, mtu angalau hula."

Tulicheka sote, kisha hatukucheka tena jioni nzima. Nilifungua kumbukumbu za mkutano wa kwanza kabisa, zilizoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, nikakuta sentensi moja: "Kila mwanachama atatoa mchango wa Sh10,000." Neno mchango linajulikana na kila mtu Nairobi, na hapo ndipo penye mtego. Katika harambee, mchango ukishatoka umetoka. Katika chama, pesa unazotoa kila mwezi watu wengi huziita mchango vilevile, lakini ni akiba yako, na zamu yako ikifika unazipokea. Katika biashara ya watu wachache, mchango ni hisa, hauombwi urudi ila humpa mtu haki ya faida na ya kupiga kura. Watu 12 walikuwa wametoa kiasi kimoja cha pesa kwa neno moja lenye maana tatu, na kila mmoja alikuwa ameishi na maana yake kwa mwaka na nusu bila kujua kwamba jirani yake ana nyingine. Saba walidai pesa zao. Nilituma Sh70,000 kwa M-Pesa nikiwa pale pale mezani, jina baada ya jina, na tukabaki na Sh32,600, ambazo hazifiki hata nusu ya malipo ya awali ya mpiga chapa.

Hapo pangeweza kuwa mwisho, na wenzangu kadhaa hadi leo husimulia kwamba pesa ndizo zilizotuangusha. Lakini watano waliobaki walikuwa tayari kuongeza, na mmoja wao alikuwa na uwezo wa kulipia chapa nzima. Wiki mbili baadaye tulikuwa tumepata ahadi za kutosha. Ndipo tulipokuta kwamba hatukuwa na kitabu cha kuchapisha.

Lazima nirudi nyuma kidogo, siku nakala zilipotoka kiwandani. Hadithi ya saba ilikatika kwenye ukurasa wa 112. Katika programu ya kupanga kurasa, maandishi hukaa ndani ya visanduku, na kisanduku kikiwa kifupi, mistari inayozidi hufichika bila kupotea. Alama ndogo nyekundu hutokea pembeni, na mtu aliyechoka usiku wa manane huipita. Kisanduku chetu kilipungua kwa mistari minne, ambayo ndiyo iliyokuwa aya ya mwisho. Mwandishi wake, kijana mpole wa Kariobangi, hakugombana na mtu. Aliomba tu mistari yake irudi. Tulichapa vijikaratasi 500 vyenye mistari hiyo, upana wa kidole kirefu, na Jumapili moja tukakaa watu sita sebuleni Umoja kuvibandika kimoja kimoja chini ya ukurasa wa 112, kwa gundi ya shule na rula ili visikae upande. Gundi ikizidi, ukurasa wa 112 hushikana na wa 113. Ikipungua, pembe ya kijikaratasi huinuka kama ulimi. Tulipofika nakala ya mia mbili tulikuwa tumeijua aya hiyo kwa moyo. (Msomaji mmoja alinieleza baadaye kwamba hadithi ilikuwa na nguvu zaidi ilipokatika. Sijamwambia mwandishi.)

Pamoja na mistari hiyo, mhariri wetu alikuwa amekusanya makosa mengine 30, mojawapo likiwa jina la mwandishi kuandikwa kwa namna mbili tofauti. Hatukutaka kurudia aibu hiyo, na nakala ya PDF aliyokuwa nayo mpiga chapa haikufaa kusahihishwa. Tulihitaji faili asilia. Tukampigia mpangaji wa kurasa, naye akatuambia kwamba alichotuuzia ni kurasa zilizo tayari kwa mashine, si faili la kufanyia kazi, na kwamba faili hilo angelitoa kwa Sh12,000. Kikundi cha WhatsApp kiliwaka moto. Mmoja alileta kifungu cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinachosema kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine. Kifungu kipo na alikisoma sawasawa, lakini haki haifungui kompyuta ya mtu. Na ukweli ni kwamba siku tulipompa kazi tulizungumza bei na tarehe tu. Katika fani yake, kuuza faili kando ni desturi ya wengi. Tungetaja jambo hilo mwanzoni angeongeza elfu mbili au tatu na hadithi ingeishia hapo.

Sh12,000 tungezipata. Ugumu ulizidi pale ilipobainika kwamba faili hilo tulilihitaji kwa sababu nyingine nzito kuliko makosa ya chapa.

Hadithi iliyofungua mkusanyiko, ambayo wahakiki wote waliitaja, iliandikwa na mwenzetu ambaye katika miezi hiyo alikuwa amepata mkataba wa diwani yake ya hadithi na mchapishaji mkubwa. Mkataba huo ulimpa mchapishaji haki ya kipekee juu ya hadithi zote zilizomo, yaani yeye peke yake ndiye wa kuzichapisha, na hii ikiwamo. Alitueleza mwenyewe, kwa adabu, kabla hatujamuuliza.

"Dada, hiyo hadithi ni yetu sote," mtu akaandika.

"Niliwapa muichapishe," akajibu. "Sikuwapa muikalie."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na kila nikilifikiria naona kwamba sheria na uungwana vyote vilikuwa upande wake. Sheria hiyohiyo ya 2001 inataka kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee kufanywe kwa maandishi yenye saini ya mwenye haki. Leseni isiyo ya kipekee inaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kueleweka kutokana na mwenendo wa watu. Sisi tulikuwa na sauti ya sekunde nne kwenye simu ya mhariri: "Sawa, mhariri, iweke tu." Hiyo ilitosha kabisa kuhalalisha nakala 500 za kwanza. Haikusema chochote kuhusu chapa nyingine, muda, tafsiri wala malipo, na haikumzuia kuifanyia hadithi yake jambo lolote lingine. Waliomwita msaliti walikuwa wakidai haki ambayo hawakuwahi kuiomba, na naona uchungu zaidi kwamba waliidai kutoka kwa mtu ambaye kwa kitabu chetu hakupata hata shilingi ya mrabaha.

Alijitahidi kutusaidia. Alirudi kwa mchapishaji wake, naye akasema yuko tayari kuturuhusu tuitumie hadithi kwenye chapa moja zaidi, mradi kundi liandike barua kutaja idadi ya nakala na muda. Barua hiyo niliiandika mimi. Ilipofika mahali pa saini tukagundua kwamba kundi letu, kisheria, halikuwapo. Hatukuwa tumesajiliwa kama kikundi cha kijamii wala kama kampuni. Namba ya M-Pesa ilikuwa kwa jina langu, na ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) tuliyopewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa iliombwa kwa jina la mhariri. Mhariri aliogopa kutia saini peke yake akidhani angeshtakiwa iwapo mtu angezidisha nakala. Nami niliogopa vilevile, ila sikusema. Nilisema tu tusubiri mkutano ujao. Hilo ni kosa langu la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza, maana mkutano ujao haukufanyika. Barua bado imo katika rasimu za barua pepe yangu.

Kulikuwa na njia ya kuiondoa hadithi hiyo na kutoa mkusanyiko wa hadithi 11. Kwa hilo ingebidi kurasa zote zipangwe upya, namba zibadilike, jalada lifutwe jina moja, na hayo hayawezekani bila faili asilia. Faili lilihitaji Sh12,000 na mtu wa kwenda kuongea na mpangaji kwa upole baada ya matusi aliyotukanwa kwenye kikundi, ambacho kwa bahati mbaya naye alikuwamo. Hakuna aliyekwenda. Waliokuwa wameahidi pesa wakaona jambo haliendi, wakazipeleka kwenye karo na mahitaji mengine.

Wapo watakaosema kwamba makaratasi huua roho ya kazi ya pamoja, na kwamba watu walioanza kama ndugu wakianza kutiana saini, undugu umekwisha. Mwalimu wetu mstaafu alisema hivyo wakati wa kuanza, na sote tukatikisa vichwa kukubali. Siwezi kukubaliana naye tena. Ukurasa mmoja ungetosha: kwamba Sh10,000 ni hisa na hazirudi kabla ya chapa ya pili, kwamba kila mwandishi anabaki na hakimiliki yake na analipatia kundi ruhusa isiyo ya kipekee kwa chapa zote za mkusanyiko huu kwa miaka kadhaa, kwamba faili asilia ni sehemu ya kazi ya mpangaji, na kwamba watu wawili wenye majina wanaweza kutia saini kwa niaba ya wengine. Mwenzetu wa hadithi ya kwanza angeupeleka ukurasa huo kwa mchapishaji wake kabla ya kuweka saini yake huko, na wangeuandika mkataba wao wakiuzingatia. Undugu wetu, kwa upande mwingine, ulikwisha bila karatasi yoyote. Watu 12 wa wakati ule, leo wanaopigiana simu ni wanne.

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na kundi la wasomaji la vijana huko Kayole. Waliniambia kwamba wamekisoma kitabu, nikafurahi na kushangaa, maana najua nakala zote zilikokwenda. Kumbe walikuwa na moja tu, ya kuazimwa, na waliyoyashika mikononi yalikuwa mafungu ya fotokopi, kurasa mbili kwenye karatasi moja, yaliyokazwa kwa waya wa plastiki. Karatasi 92 kwa Sh3 ni Sh276 kwa kila fungu, Sh6 zaidi ya bei aliyotutoza mpiga chapa, na bado hawajalipia waya. Walikuwa wametengeneza 15 na waliniuliza, kwa haya kidogo, kama nitakasirika. Nilifungua fungu la msichana aliyeketi karibu nami nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa 112. Kijikaratasi chetu kilikuwapo, na pembeni mwake mashine ilikuwa imenasa kivuli chembamba cheusi, mahali pembe moja ilipoinuka kwa kukosa gundi.